Kipara Hakamuliwi

Haya ninayowaletea hamtayaamini, na wala sitawanunia. Hata mimi niliyekuwa kiti cha mbele kabisa kuna asubuhi naamka nikijiuliza kama sikuota. Lakini mjomba hadanganyi. Mjomba anakumbuka kwa nguvu, basi.

Kuna kinyozi mmoja, mwanamke, mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Wembe. Ni binti wa dada yangu. Anafanya kazi kwenye chumba chenye viti viwili, kioo chenye ufa na feni inayozunguka kama iliyolazimishwa. Kiti kimoja ni chake. Cha pili ni cha baba yake, shemeji yangu, ambaye wateja wanamwita Mzee Mashine kwa sababu amenyoa vichwa tangu umeme haujapata adabu.

Siku za kazi Wembe ananyoa watu. Jumapili anapiganisha roboti.

Narudia kwa mliokaa nyuma: roboti! Ukumbi wa chuo cha ufundi una ulingo uliozungushiwa plastiki nene. Watu wanaingiza humo vyuma vyao, kila mmoja na rimoti yake, na vyuma vinatwangana dakika tatu. Atakayeshindwa kutembea, kwisha habari yake. Wote wakiwa bado wanatembea, majaji wanatoa pointi. Roboti ya Wembe ni bapa na ya mviringo, mgongo wake ni kifuniko cha sufuria alichokitoa jikoni kwa mama yake bila kuaga, na mbele ina kisu kinachozunguka mpaka hukioni. Anamwita Kipara. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu, "Kwa sababu ndivyo anavyowaacha wenzake."

Shida ya Kipara haikuwa kisu. Ilikuwa tumbo, yaani betri.

Hapa lazima niwafunulie siri ya vinyozi. Mashine za kunyolea za zamani zilikuwa na betri zenye kudeka. Ukiichaji kabla haijaisha, inazoea, na kesho yake inagoma palepale ulipoikatisha. Kwa hiyo Mzee Mashine ana sheria, na sheria ina neno moja: kukamua. Kila jioni kabla ya kufunga, mashine zote zinawashwa, zinalazwa mezani, zinaachwa zingurume zenyewe mpaka zinyamaze. Ndipo zinapewa chaji. Wembe amekua akiisikia ngurumo hiyo tangu hajaota meno.

Sasa betri ya Kipara ni mtoto wa mama mwingine. Ni ya lithiamu, laini, imevikwa karatasi ya kung'aa, ukubwa wa kipande cha sabuni, na ndani yake seli tatu zimelaliana. Hiyo ukiikamua umeiua. Seli ikishuka chini ya volti tatu inaharibika ndani kwa ndani, ukiichaji tena inavimba, na ikishavimba inaweza kukuwakia moto mkononi. Waliotengeneza kile kibao cha kuendeshea mota walilijua hilo, wakakiwekea mlinzi: chaji ikishuka mno, anakata kila kitu, kisu na magurudumu.

Mzee Mashine alipomsikia mlinzi huyo alicheka kwa dharau.

"Yaani anakata kabla kazi haijaisha?"

"Analinda betri, baba."

"Betri isiyokamuliwa ni mvivu. Mfukuze huyo askari."

Wembe akamfukuza. Tena baada ya pambano, kwa heshima ya sheria ya duka, akamgeuza Kipara chali juu ya meza ya kunyolea, magurudumu hewani, akamwacha azunguke mpaka akate roho. Ndipo akaichaji betri. Jumapili iliyofuata ilikuwa imevimba kama shavu la mwenye jino bovu, naye akaizungushia utepe, akaenda nayo hivyohivyo.

Mkaguzi wa ukumbi, mwanamama mwenye miwani inayoning'inia shingoni, aliishika kwa ncha za vidole.

"Hii nini?"

"Betri."

"Betri gani ina mimba? Toa nje, kule kwenye ndoo ya mchanga, kabla haijatuzalia moto."

Mchomea vyuma mmoja, mwenye roboti inayoitwa Kifaru, akapaza sauti kutoka kwenye foleni, "Wembe! Utajifungua lini, tuje na nepi?"

Ukumbi ulicheka mpaka plastiki ikatetemeka. Wembe akarudi nyumbani bila kupigana.

Kwenye duka la vipuri ilibaki betri moja tu ya aina ile, na muuzaji hakujua nyingine zitakuja lini. Mzee Mashine akatoa hukumu: "Hii nayo ikivimba, Kipara anavunjwa. Mama yako anadai kifuniko chake." Na mnajua alidhani ya kwanza ilivimba kwa nini? Eti haikukamuliwa vya kutosha!

Wembe sasa alijua muuaji ni kukamua kwenyewe. Mlinzi hakumrudisha, maana akikata magurudumu katikati ya vita, Kipara anabaki amelala kama kobe. Badala yake alichomeka kwenye betri kidude kidogo kama njugu. Seli yoyote ikikaribia hatari, kinapiga kelele na kuwasha taa nyekundu. Alikijaribu dukani huku akimnyoa karani wa posta. Kilipolia, karani akaruka kitini na nusu ya nywele, akatoka mbio akidhani duka linaungua. Kwa kuwa ukumbini hata honi ya lori husikii, Wembe akatoboa tundu kwenye kifuniko ili taa ionekane. Kuanzia hapo mlinzi ni yeye mwenyewe, na kidole gumba chake.

Jumapili ikafika, na aliyepangiwa ni Kifaru.

"Leo nakunyoa bila maji," Wembe akamwambia mchomea vyuma.

"Mimi nina kipara tayari, dada. Utanyoa nini?"

Kengele ikalia. Kipara akamrukia Kifaru, kisu kikala bamba la ubavu, cheche zikatoka kama fataki. Akampiga tena, Kifaru akayumba, akaanza kuchechemea kwa gurudumu moja. Bado pigo moja. Moja tu! Na hapo kifuniko cha sufuria kikawaka nyekundu.

Mzee Mashine, aliyekaa kando yangu, akasimama juu ya kiti. "Kamua, binti yangu! Kamua!"

Ukumbi mzima ukadakia, maana neno lenyewe tamu mdomoni: "Ka-mua! Ka-mua!"

Nilimwona Wembe akiitazama ile taa. Gumba lake lilikuwa limekandamiza kitufe cha kisu mpaka ukucha umekuwa mweupe. Halafu akaliinua.

"Sikamui, baba!"

Kisu kikazubaa, kikasimama. Ukumbi ukazomea. Kipara akabaki na magurudumu tu, Kifaru akageuka, akamjia na hasira zote za chuma kilichoumizwa, na Kipara, jamani, akampiga chenga, akapanda ukuta wa plastiki, akatembea darini kichwa chini, akamshukia Kifaru mgongoni na—

"Mjomba. Akatembea wapi?"

Ni Wembe huyu, anasoma juu ya bega langu, kitana mdomoni.

"Darini. Kidogo."

"Alikuwa anajikokota kona moja mpaka kona nyingine. Tukashindwa kwa pointi. Andika."

Haya. Walishindwa kwa pointi. Mkaguzi akavaa miwani yake, akaipima betri: seli zote tatu juu ya volti tatu, bapa kama ilivyonunuliwa. Mzee Mashine akaipokea, akaikandakanda kwa gumba, akaiweka shavuni kusikia kama ina joto. Akamrudishia binti yake, akasema, "Mama yako nitamnunulia sufuria nyingine." Kisha akageukia ukuta, na mimi niliyaona machozi, msiniulize, yalimtiririka yakajaa sakafu, watu wakavua viatu, mchomea vyuma akaogelea mpaka mlangoni, na mkaguzi angezama kama nisingemshika mkono nikam—

"Mjomba!"