Boriti, Bendera na Upepo wa Jeddah

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh nilikabidhiwa feni nne, wenzo mmoja na onyo. Feni zilikuwa juu, zimefichwa darini, kila moja pana kuliko chumba nilichopanga mtaa wa Malaz. Wenzo ulikuwa mezani, mfupi kama kijiko cha uji. Onyo lilitoka kwa Mkufunzi Mkuu, Mlebanoni mwenye shingo nene ambaye hakupenda kurudia neno.

"Kwenu ulikuwa unafanya nini?"

"Mwalimu wa jiografia, bosi."

"Basi upepo unaujua."

"Kwenye ramani."

Hakucheka. Alinionyesha bomba la kioo lililosimama mbele ya meza, refu kupita ghorofa mbili. Ndani yake mtu alikuwa anaelea, tumbo chini, mikono wazi, mashavu yakimpepea. "Usimwangalie anayeruka," akasema. "Utamwonea huruma au utamwonea wivu, na vyote viwili vitakukosesha kazi. Angalia mkono wa mkufunzi aliye naye ndani. Mkono ukipanda, ongeza. Ukishuka, punguza. Akifunga ngumi, zima. Halas."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka masikio yakaanza kunidai. Nawaandikia vijana mnaoomba kazi hizi za kumbi za burudani, kwa sababu mnaniuliza ni kazi gani, na jibu fupi huwa halieleweki. Nilikuwa mwendesha upepo. Watu hulipa ili wainuliwe na upepo unaotoka chini kwenda juu, waonje kuruka bila ndege na bila mwavuli. Mkufunzi huingia nao. Mwendesha upepo hukaa nje, nyuma ya kioo, na kuwapimia kasi. Mtu mzito anahitaji upepo mkali. Mtu mwembamba aliyevaa suti pana hupanda kwa upepo kidogo tu, na usipokuwa makini utamkuta darini. Kwenye ikama, kile kibali cha kuishi nchini, kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini, aliniandika fundi viyoyozi, na nilipofikiri vizuri sikuona uongo mkubwa.

Wenzangu wote walikuwa na umri wa wanafunzi wangu. Kwa hiyo nikawa mzee wa kazi tangu asubuhi ya kwanza, cheo ambacho nyumbani ningekisubiri miaka mingi.

Jambo gumu katika kuruka, nalo nililiona mapema, si kuelea. Ni mlango. Ubavuni mwa bomba kuna uwazi usio na kizuizi. Mrukaji husimama pale, huinua kidevu, hunyoosha mikono, kisha huegemea mbele mpaka upepo umchukue. Haruki, anaacha tu kusimama. Nimeona maafisa wa makamo wa Olaya, mtaa wa maofisi makubwa, watu wanaofukuza wafanyakazi kabla ya chai, wakiing'ang'ania fremu ya mlango ule kama ngazi ya meli. Nilikuwa nacheka kimoyomoyo, na kicheko changu kilikuwa rahisi, maana mimi mwenyewe sikuwahi kuingia. Nilikuwa na sababu. Kwanza tumbo, kisha masikio, kisha Ramadhani, kisha tumbo tena.

Baadaye nilihamishiwa ukumbi wa Jeddah, nikapanga Al-Baghdadiyah juu ya duka la mapazia. Huko mkubwa wangu alikuwa Meneja, mwanamke wa Kisaudi ambaye sote tulimwita madam, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuuliza maswali. Saa za familia mkufunzi alikuwa Mercy, Mkenya wa Nakuru, aliyekuwa amefundisha sarakasi. Ndani ya bomba mkono wake ulisomeka kama maandishi ya ubaoni.

Ndipo akaja Lotte. Alikuwa Mjerumani, mwenye miaka ishirini na kitu, mrefu, mwembamba, na kovu refu juu ya goti. Kaka yake alikuwa mhandisi kwenye mtambo wa kusafisha maji ya bahari, naye alikuja kwake kupumzika. Alilipia saa nyingi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpulizia upepo.

Mara ya kwanza alipoingia nilivunja sheria ya Mkufunzi Mkuu, nikamwangalia. Hakuelea kama wengine. Alijinyoosha mwili mzima, mikono ubavuni, visigino vimekutana, vidole vya miguu vimeachana, kifua kimelala juu ya upepo kama mtu anayetaka kusikia siri. Hakutikisika.

Mercy alipotoka alivua kofia ngumu. "Mwalimu, huyu dem ni nini? Anaruka kama meza ya kupiga pasi."

Tulimuuliza wakati wa chai. Alikuwa mrukaji wa skii. Nilikuwa nimeona mchezo huo kwenye televisheni kwa sekunde chache, nikitafuta mpira. Sasa nilikuwa na mtu wa kumhoji, nami nikamhoji kama afisa wa uhamiaji.

Mrukaji, alieleza, hukaa kwenye boriti juu ya mnara, mbao ndefu za skii zikiwa miguuni. Akijiachia hushuka mteremko kwa kasi ya gari la barabara kuu mpaka kwenye meza, yaani ukingo wa mwisho. Nilidhani ukingo ule umepinda juu ili umrushe. Hapana, umeinama chini. Kilima hakikurushi, unajirusha mwenyewe kwa miguu, kwa kufumba na kufumbua, kisha unalala juu ya hewa, mbao zikiwa zimetanuka mbele kama herufi V. Ukitua, sharti mguu mmoja utangulie na magoti yapinde. Ukitua miguu sambamba, waamuzi wanakukata alama hata kama umekwenda mbali.

"Na mnasubiri upepo wa nyuma, uwasukume?" nikauliza, kwa sauti ya mtaalamu wa pepo za msimu.

Lotte alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Upepo wa nyuma unakubamiza chini. Tunataka wa mbele. Huo ndio unaobeba."

Mercy alinitazama. "Na ulikuwa unafundisha watoto wa watu."

Alitutajia vilima vya kwao kama mtu anayetaja majirani. Oberstdorf na Garmisch, ambako watu hujaa kila mwaka mpya unapoingia. Hinterzarten, msituni, kidogo na chenye upole. Klingenthal. Willingen, kikubwa sana, ambacho alisema upepo wake hauna adabu. Kiangazi, theluji ikiisha, miteremko hutandikwa nyasi za plastiki na kumwagiwa maji, watu wakaendelea kuruka. Nilimfanya arudie hilo. Nilikuja Uarabuni nikidhani hapa ndipo kwenye mambo ya ajabu, kumbe Wajerumani wanamwagilia plastiki.

Lakini kulikuwa na jambo lililotutatiza. Mtu huyu, aliyejitupa kutoka milimani tangu utotoni, hakuweza kupita mlangoni peke yake. Alishika fremu kwa mikono yote miwili. Kila mara Mercy alitangulia ndani, akamvuta kiuno. Akishaingia alikuwa malaika. Mlangoni alikuwa kama wale maafisa wa Olaya.

"Goti?" nilimuuliza siku moja.

"Goti limepona."

Akatueleza. Kando ya kilima, karibu na meza, kuna jukwaa la makocha. Kocha husimama pale na bendera, akipima upepo kwa macho, kwa vitambaa vilivyofungwa mtini, kwa shavu lake. Taa ya waamuzi ikiwa ya kijani, anangoja wakati mzuri, halafu anashusha bendera. Ikishuka, unaondoka. Huulizi. Yeye bendera yake ilishushwa na kocha mmoja tangu akiwa na miaka tisa. Siku aliyoanguka, upepo ulikuwa wa mbele, mtulivu, bendera ikashuka, akaenda. Upepo uligeuka akiwa hewani.

"Kila mtu anasema si kosa la kocha. Hata mimi nasema," alisema Lotte. "Niliporudi kilimani, akashusha bendera, sikuondoka. Mara mbili. Ukiwa hujaondoka, unajisogeza pembeni ya boriti, unavua skii, unashuka kwa ngazi. Watu wote wanakuona. Ngazi ni nyingi."

Majaribio ya timu yalikuwa mwanzoni mwa vuli, kwenye plastiki. Kocha alimwambia wazi: ukishuka kwa ngazi tena, nafasi yako nitampa mwingine, na sidhani kama utaipata tena. Alikuwa amebakiza wiki mbili Jeddah.

Nikauliza kitu kidogo, kwa udadisi tu. "Kocha wako akishusha bendera, yeye anaona nini?"

Alinitazama kama vile nimeuliza rangi ya upepo. "Sijui. Mimi naona bendera. Wewe ukinitazama mlangoni, unaona nini?"

"Sikutazami. Natazama mkono wa Mercy."

"Na mwenyewe hajawahi kuruka," Mercy akaongeza, bila kuulizwa. "Miaka yote hii. Hajawahi hata kuingiza kidole."

"Hujawahi?" Lotte akaweka kikombe chini tena. "Naweza kukaa pale kwenye wenzo? Wewe uingie?"

Niliamini madam angekataa. Nilimpelekea ombi hilo nikiwa tayari nimekunja uso wa huzuni. Alilifurahia mno. Kesho yake baada ya sala ya adhuhuri, alisema, ukumbi ukiwa mtupu. Mhandisi wa zamu ataweka kidole kwenye kitufe cha kuzima, na binti atashika wenzo.

"Madam, mimi nina presha."

"Presha gani? Juzi umekula sinia la wali wa kabsa la watu wawili. Yalla, Mwalimu."

Suti kubwa kuliko zote ilinibana kama soksi. Nilisimama mlangoni, upepo ukinguruma mbele ya pua yangu, na kwa mara ya kwanza niliiona meza yangu kutoka upande ule. Ni mbali kuliko nilivyodhani. Anayeketi pale anaonekana mdogo, amefungiwa, kama mtangazaji wa habari televisheni ikiwa imezimwa sauti. Mercy alikuwa ndani tayari, amesimama juu ya wavu, mkono tayari. Lakini Lotte hakuwa anatazama mkono wa Mercy. Alikuwa ananitazama mimi, mkono wake wa kushoto ukiwa juu. Nikaelewa kwamba mkono ule ndio bendera.

Haukushuka. Alitazama kipimo cha kasi, akanitazama mimi, akatazama kipimo. Uso wake ulikuwa umekaza kuliko wangu, na wangu ulikuwa umekaza sana. Kisha mkono ukashuka.

Sikuondoka. Nilishika fremu. Mercy ananiambia nilikuwa natikisa kichwa kama mtoto anayekataa dawa.

Lotte hakukasirika wala hakutabasamu. Aliinua mkono tena, akaanza upya: kipimo, mimi, kipimo. Nikagundua jambo ambalo kwa miaka yote nyuma ya kioo sikuwahi kulifikiria, kwamba yule mtu pale mezani anaogopa pia, na hofu yake haina fremu ya kushikilia. Nilimwonea huruma. Mkono uliposhuka mara ya pili nikaacha kusimama.

Kuhusu kuruka kwenyewe sina mengi ya kusema. Nilipanda kama mfuko wa rambo barabarani. Mercy alinikamata kwa suruali mara tatu. Madam alikuja kutazama, na nadhani video bado ipo.

Nilipotoka nilimkuta Lotte bado amekaa mezani, mikono mapajani.

"Nilidhani anayeshusha bendera anajua," alisema. "Kumbe anajua upepo wa wakati ule tu. Ulipoachia mlango sikuwa na cha kukufanyia. Nilitaka kukushika kwa macho."

"Ungeweza kuzima."

"Kilimani hakuna pa kuzimia."

Jioni ile alimpigia kocha wake simu. Kesho yake alitueleza. Alimuuliza swali langu: ukishusha bendera, unaona nini? Mzee yule akakiri kwamba tangu siku ya ajali, kwa mrukaji yeyote, akishashusha bendera hufumba macho mpaka asikie mbao zimegusa chini.

"Ukamwambiaje?" Mercy akauliza.

"Nikamwambia nitaondoka kama atafumbua."

Siku hiyo Mercy aliingia ndani, akageuka amvute kama kawaida. Lotte alikuwa ameshaachia fremu. Mimi, kinyume cha mafunzo yote niliyopewa, sikuwa naangalia mkono wa mtu.

Sasa nimestaafu. Sikio la kulia linasikia feni hata mahali pasipo na feni, na mkataba umekwisha. Nangoja karatasi ya mwisho ya kutoka nchini. Vijana, mkiipata kazi hii, fuateni sheria ya Mkufunzi Mkuu kuhusu mkono. Ni sheria nzuri na itawalinda. Nami nawaomba, siku moja ukumbi ukiwa mtupu, muingie mlangoni, mjue mnawafanyia watu nini.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa muuza chai Myemeni chini ya nyumba yangu, na Mercy alikuwa amekuja kuniaga. Mashindano ya wanawake ya kuruka kwa skii yalikuwa yanaonyeshwa moja kwa moja kutoka Ujerumani, nasi tuliyafuata kwenye simu yake aliyoiegemeza kwenye birika. Hatukuwa tumesikia habari za Lotte tangu majaribio. Theluji ilikuwa inaanguka kwa ubavu. Jina lake likatokea. Tukamwona amekaa kwenye boriti, miwani ya theluji imeshuka machoni, mikono imeishika boriti kila upande.

Kamera ikahamia jukwaa la makocha. Mzee mnene mwenye kofia ya sufu alikuwa ameinua bendera, akingoja, akingoja. Akaishusha. Nilimtazama macho. Yalikuwa wazi.

Kamera iliporudi juu, boriti ilikuwa tupu.

Kuna njia mbili za kuondoka kwenye boriti, na kwa pumzi moja nzima hatukujua ni ipi. Mercy alinishika mkono wa shati. Kisha Lotte akatokea kwenye ukingo wa meza, akajirusha, akalala juu ya hewa vile vile kama meza ya kupiga pasi, akapita, akapita, akatua miguu sambamba, kwa woga wa goti, na waamuzi wakamkata alama walivyotaka. Jina lake likasogea chini kwenye orodha, chini sana.

Myemeni alikuwa ameinama nyuma yetu, birika mkononi. "Ameshinda?"

"Hapana," nikamwambia. "Lakini hakushuka kwa ngazi."