Msaga Nafaka Asiyengoja Jibu

Watu walimwita Radi, na jina hilo alilipenda, kwa sababu alidhani wanaisifu mashine yake ya kusaga nafaka.

Mashine yenyewe ilikaa ndani ya chumba cha mabati, kati ya duka la vipuri vya baiskeli na kiwanja cha muuza mkaa. Ikishawashwa asubuhi, vikombe vya majirani vilitetemeka rafuni mpaka jioni. Ndani ya chumba hicho hakuna mtu aliyewahi kumaliza sentensi. Mteja akitaka unga laini alisugua kidole gumba na kidole cha shahada. Akitaka wa chengachenga alikunja ngumi akaitikisa. Kiganja kikiinuliwa maana yake ngoja. Kofi kwenye ndoo maana yake chukua mzigo wako, unatuzibia njia. Na pale ambapo mikono haikutosha, Radi alimsogelea mtu, akaweka mdomo sikioni mwake, akatoa neno kwa nguvu za tumbo zima, kisha akageuka kurudi kwenye kazi. Jibu hakulingojea. Angelisikiaje? Alitupa jicho tu kwenye mikono ya mtu, akapata alichokitaka.

Kazi hiyo aliianza kabla hajaota ndevu, na sasa ndevu zilikuwa na mvi ambazo hakuna aliyeweza kuzitofautisha na unga. Kwa hiyo hata alipotoka mle ndani, mashine haikumtoka. Nyumbani aliomba chumvi kama mtu anayeita watu waje kuzima moto. Aliuliza swali huku anaingia, na swali lilipomfikia aliyeulizwa, yeye alikuwa ameshapita. Mkewe alishamzoea. Akitaka kumjibu alimfuata nyuma mpaka uani, akamshika bega, akamwambia. Mara nyingine hakumfuata. Aliwaambia majirani kwamba mengine si ya kukimbilia.

Mambo yaliharibika alipokuja mke wa mwana wao. Mwana wao alikuwa amepata kazi ya kujenga barabara mbali, kwenye kambi isiyopokea familia, ndipo akamleta mkewe na mtoto wao mdogo wakae na wazee. Binti wa watu alitoka nyumba ya fundi saa. Baba yake alifanya kazi hapo hapo sebuleni, kioo amekibana jichoni, na mbele yake vyuma vidogo ambavyo pumzi tu ingevipeperusha. Basi nyumba nzima ilijifunza kuongea chini chini, na mtu akipiga chafya aliomba msamaha. Sauti ya binti ilikuwa kama imechujwa kwa kitambaa. Siku ya kwanza alipomsikia baba mkwe wake akiuliza kama mtoto amekula, alidhani amekamatwa katika kosa.

Na swali hilo ndilo lilikuwa la kila siku. Radi alirudi jioni, akasimama mlangoni, akauliza kama mtoto amekula, kisha huyo, ameshaelekea uani kunawa. Binti alijibu kwamba amekula, akiujibu mgongo. Mtoto naye akaanza kulia, kwa kuwa sauti ile ilikuwa imempita kichwani kama upepo. Mama yake akambeba, akaenda naye chumbani, akafunga mlango.

Radi akirudi kutoka kunawa hakukuta mtu. Jioni moja alimnung'unikia mkewe kwamba yule binti ana kiburi. Kila siku anamwuliza habari za mtoto kwa heshima zote, na binti hamwinulii hata mkono.

Mkewe alikuwa akitengeneza kitanda. Hakuacha kazi yake. Alisema kaka wa binti anakuja Jumamosi kumchukua yeye na mtoto, wanarudi kwao. Wameshaongea na mwana wao kwa simu, naye amekubali.

Radi akakaa juu ya shuka lililokuwa likitandikwa. Akauliza amemkosea nini mtoto wa watu.

"Hajasema umemkosea," mkewe alisema. "Amesema anakuogopa. Inuka, unanikunjia shuka."

Neno hilo lilimkaa rohoni kuliko kama angeambiwa amemtukana. Mjukuu yule ndiye aliyekuwa akimfanya afunge mashine mapema. Njia nzima alitembea mbio mbio ili amkute hajalala. Sasa anaambiwa mbio zote hizo zilikuwa za kwenda kumtisha.

"Mimi nauliza tu kama mtoto amekula," alisema.

"Unauliza kama askari. Halafu unaondoka kama askari aliyeshaandika jibu lake."

Kesho yake alijirekebisha kwa namna alivyojua. Aliona ikiwa kosa ni kelele, dawa yake ni kunong'ona. Aliingia jikoni ananyata, akamwinamia binti sikioni, maana sikioni ndiko alikozoea kuweka maneno, akanong'ona swali lake. Binti aliangusha mwiko kabla ya kulisikia. Mtu mzima haingii kwa kunyata akanong'ona isipokuwa analeta habari za msiba, na mume wake yuko mbali, kwenye mitambo mikubwa. Alishika meza, akauliza ni nani aliyekufa. Lakini Radi alikuwa ameshafika uani.

Mama mkwe alifanya kazi ya kumtuliza, kisha akamfuata mumewe na kumwambia kunong'ona akome kabisa. Siku iliyofuata, basi, Radi akanyamaza. Aliingia, akatikisa kichwa, akala, akalala. Hilo nalo likapata tafsiri yake: mzee amenuna kwa sababu amesikia habari za safari. Binti akaanza kukusanya nguo za mtoto.

Ijumaa mkanda wa mashine ukakatika foleni ikiwa imefika nje. Fundi wa mashine akaitwa, akalala chini ya injini na spana zake, akasema mkanda mpya upo lakini kuna chuma kimepinda, lazima kinyooshwe kwanza. Wateja hawakutaka kuondoka wakapoteza nafasi zao. Walikaa juu ya magunia, chumba kikawa kimya. Radi hakuwahi kukisikia chumba hicho saa za kazi. Kumbe bati lilikuwa likilia likipata jua. Kumbe wa vipuri vya baiskeli alikuwa na redio.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama mwenye mgahawa, mteja wake wa miaka mingi. Radi alimsogelea, akaweka mdomo sikioni mwake, akamwuliza laini au chengachenga.

Fundi aligonga kichwa kwenye injini. Mama wa mgahawa alifumba macho, akangoja mlio uishe sikioni, kisha akasema taratibu, "Mwenye mashine, mimi niko hapa. Siko ng'ambo."

Foleni ikacheka. Radi naye alitaka kucheka, ila sauti aliyoitoa ilikuwa bado inazunguka kwenye mabati, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuisikia. Hata yeye angeikimbia.

Alimwuliza yule mama kama ndivyo anavyosema siku zote. Mama akamjibu kwamba siku zote ni afadhali, kwa kuwa mashine humeza nusu. Kazi ipo wanapokutana barabarani. Miaka ya mwanzo alidhani anafukuzwa.

"Sasa mbona ulikuwa unarudi?"

"Unga wako mzuri. Wewe nilikusamehe."

Wakacheka tena. Kwa kawaida Radi angekuwa ameshageuka, lakini siku hiyo hapakuwa na kazi ya kugeukia, akabaki amesimama mbele ya yule mama, mikono inaning'inia. Na kwa kuwa hakuondoka, mama akaendelea. Alisema kweli anataka laini, ila si laini kama anavyosagiwa. Ule unashikana, inambidi auchanganye na mwingine. Radi akashangaa kwa nini hajawahi kusema. Mama alisema ameshasema mara nyingi mno, ila aliyesikia kila mara ni mgongo.

Radi akamgeukia wa pili, muuza mkaa wa hapo jirani. Alijaribu kuteremsha sauti, ikatoka imekwama kama ya mtu aliyepaliwa. Akaipandisha kidogo, akauliza habari za nyumbani.

"Nzuri tu," muuza mkaa akasema.

Radi akangoja. Ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba gunia, miguu ilimwasha. Muuza mkaa akatazama chini, akatazama mlango, kisha akasema mama yake ameumia mgongo, na nafaka hiyo ni ya kwake, ndiyo maana amekuja mwenyewe badala ya mama. Wa tatu naye ikawa hivyo hivyo. Jibu la kwanza lilitoka haraka, kama mwenye nyumba anayechungulia mlangoni. La kweli lilibaki ndani, likingoja kuona kama mgeni ataondoka zake.

Mkanda ukafungwa, mashine ikanguruma, watu wakarudi kwenye ishara za vidole.

Jioni Radi hakuuliza kitu mlangoni. Alikwenda kunawa kwanza, akatoa unga masikioni kwa ncha ya taulo. Binti alikuwa uani anakunja nguo alizozianua, mtoto yuko miguuni mwake. Radi akavuta kigoda akakaa, si karibu sana. Mtoto alimtazama, na midomo yake ikaanza kupinda. Radi akapiga moyo konde.

"Mtoto amekula?" aliuliza, kwa sauti aliyoijaribia kwa muuza mkaa.

"Amekula, baba."

Binti akakunja shati. Akakunja jingine. Alipoona baba mkwe haondoki, alimtupia jicho la pembeni kutazama anataka nini zaidi. Magoti ya Radi yalikuwa yameshaanza kunyooka kwa mazoea. Akayashika kwa mikono yote miwili.

"Amekula kidogo," binti akasema. "Jino linamsumbua. Hata kulala halali vizuri."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita. Nilikuambia." Alisita, kisha yakamtoka yote kwa pamoja. "Kila siku unaniuliza, baba, na kila siku nakujibu. Nikijibu umeshakwenda. Nikaona basi hilo si swali, ni kunikaripia. Kwamba simlishi mtoto."

Radi alikuwa na mengi ya kujitetea. Akayameza. Alimweleza tu habari za chumba cha mashine: kwamba mle ndani mtu hujibiwa kwa mikono, na yeye kila jioni alikuwa akiitazama mikono ya mkwewe, anaiona ina mtoto au sufuria, haisemi kitu, akadhani hataki kuongea naye. Binti alisikiliza. Kicheko kilimjia, akakizuia kwa shati alilokuwa ameshika.

"Kwa hiyo mwenye kiburi ni mimi," alisema.

"Nilisema hivyo, mwanangu. Nilimwambia mama yako."

"Aliniambia."

Radi alitaka kumwomba asiende. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, ila alijua akilitoa litakuwa amri. Badala yake akamwuliza kama anataka kwenda. Mtoto alianza kulia kwa ajili ya jino lake, akabebwa ndani, na Radi akabaki kwenye kigoda mpaka mkewe alipokuja kumwuliza kama amegandishwa pale.

Jumamosi kaka mtu akafika, mtu mpole anayevua viatu vyake kama viatu hivyo vimelala usingizi. Sijui ni furaha, sijui ni woga, Radi alisahau kila kitu. Alimkaribisha kwa sauti ile ile ya kwenye mashine. Mgeni alirudi nyuma hatua nzima, akamtazama dada yake, akautazama mzigo uliokuwa ukutani, kama anayepima ataubeba vipi akikimbia.

"Hajakasirika," dada yake alimwambia. "Anakukaribisha. Kaa."

Radi akafunika mdomo kwa kiganja, akaanza upya, chini kidogo. Wakanywa chai. Kaka akaeleza kwamba gari linaondoka mchana na wazee kule wameshajiandaa. Baada ya hapo wote wakamtazama binti.

"Unakwenda, mwanangu?" Radi akauliza.

"Nakwenda, baba."

Kaka akainuka kuufuata mzigo. Mama mkwe akashusha pumzi, akaanza kukusanya vikombe. Radi hakuondoka. Kila kiungo chake kilitaka kwenda uani kujitafutia shughuli yoyote, hata ya kuhamisha kuni. Alikaa, akimtazama binti usoni.

Binti alimfuta mtoto mdomo. Akamfunga kitufe ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

"Mama yangu hajamwona tangu aanze kutembea," akasema. "Nitakaa nao mpaka hilo jino litoke. Halafu nitarudi, kama hapa ni pa kurudi."

"Ni pa kurudi."

"Basi nikirudi nisiulizwe kitu kutoka mlangoni, baba. Mtu aje, akae, ndipo aniulize."

Radi akasema sawa. Kaka alikuwa ameshaubeba mzigo, ameushusha tena, hajui kama safari ipo au haipo. Radi akamwuliza binti kama kuna lingine, akasogeza kiti chake mbele kidogo ili asikie.

Lilikuwepo. Yalikuwepo mengi, mengine hata yanayomhusu mume wake, na gari nusura liwaache.