Gata Aliyoifunga Baba Vibaya

Mimi mizimu siiamini. Hata tulipomzika baba, mama akaniambia, "Ukungu ukishuka baba yako anagonga," nilimwonea huruma tu.

Lakini ukungu uliposhuka, nikasikia kweli.

Tang. Kimya. Tang.

Nikatoka nje. Kumbe gata ya paa, ule mfereji wa bati unaokusanya maji, inavuja kwenye kiungio, juu ya mlango wa jikoni. Ukungu unalowesha paa, na tone linadondokea kitako cha beseni kuukuu lililopinduliwa pale chini.

"Mama, ni gata hiyo. Jumamosi naiziba."

"Iache, Gerard."

"Itaozesha ukuta."

"Nimesema iache." Akanimiminia chai, hakumwaga hata kidogo.

Ubishi huo mama kaurithi kwao. Nikapuuza.

Jumamosi jua likawaka kisiwa chetu kizima cha Newfoundland, huku Kanada. Nikaegemeza ngazi, nikang'oa riveti, zile pini zinazoshika bati, nikabaki kinywa wazi. Kipande kinacholeta maji kimepachikwa chini ya kipande kinachopokea. Hapo lazima ivuje, hata umwage gundi ya silikoni ndoo nzima.

Na baba ndiye aliyefunga gata za nusu ya kijiji!

Jirani yetu Leo alikuwa kanishikia ngazi. "Baba yako Ambrose kafanya hivyo? Siku hiyo ramu ilimkolea."

Tukacheka. Moyoni niliona aibu kwa ajili ya mzee wangu. Nikageuza vipande vikakaa sawasawa, nikafuta, nikapaka silikoni, nikapiga riveti. Beseni nikalifungia stoo.

Jumanne, saa nane mchana, mama alitoka kulisha kuku. Kulikuwa kweupe. Kufumba na kufumbua, ukungu ukapanda kutoka baharini.

Dakika kumi. Ishirini. Mama harudi.

Nikatoka nikaita, kimya. Banda la kuku liko hatua thelathini tu kutoka ukingo wa mwamba, na chini yake ni bahari.

Mara nikamwona anakuja polepole, mkono umetangulia, anapapasa hewa.

Akanifikia. Macho wazi, uso kwa uso na mimi, akanipita.

"Mama. Hunioni?"

Akasimama.

"Mwaka wa tatu huu naona vivuli tu, na ukungu unavifuta. Alijua baba yako peke yake. Nilimkataza asiseme, mngenipeleka nyumba ya wazee. Ndiyo akanivujishia ile gata, ili ukungu ukishuka nisikie mlango uko wapi."

Nilimkumbatia nikalia kama mtoto. "Nisamehe, mama. Niliiziba."

"Umeziba nini wewe? Nilikuwa ukingoni, mguu mmoja hewani. Tone ndilo lililonirudisha. Baba yako leo alikuwa anagonga haraka haraka."

Nikampeleka ndani, nikapanda ngazi. Kiungio kimeshika, hakipitishi hata jasho.

Nikafungua kufuli la stoo. Beseni lilikuwa kwenye msumari, pale pale nilipolitundika. Sakafu kavu, kuta kavu.

Kitako cha beseni kilikuwa kimelowa, katikati tu.

Sikungoja kesho. Niling'oa riveti zangu zote, nikaifunga gata vibaya kama alivyoifunga baba, na beseni nikalirudisha mlangoni.

Ndugu zangu, ukikuta fundi mzuri kaacha kosa la wazi namna ile, jua ana sababu. Na mama akikwambia iache, muulize kwa nini kabla hujapanda ngazi.