Zeze la Pak Karsidi

Mzee Wiryo, mpiga zeze wetu, alivunjika mkono kwa kuanguka kutoka kwenye baiskeli iliyosimama. Ndivyo Pak Karsidi, fundi redio wa mji wetu wa Wonosari na mpiga gitaa wa kundi letu la muziki wa harusi, alivyopata nafasi aliyoisubiri miaka kumi na moja: kupiga zeze kwa gitaa. Chini ya nyuzi za gitaa alikuwa na kinasa mtikisiko. Kisanduku kilichogeuza kila mtikisiko kuwa MIDI, lugha ya namba ya vyombo vya umeme. Na sintesaiza, mashine ya umeme yenye sauti za zeze, filimbi na, kwa sababu zisizojulikana, mbwa anayebweka.

Harusi ilikuwa saa sita. Asubuhi tukajaribu. Bu Lasmini, mwimbaji wetu, ambaye huchukua sauti yake kutoka kwenye zeze, alisikiliza kidogo akakunja upepeo wake.

"Karsidi, zeze lako lina mafua. Likiwa hivi hadi saa tano, namwita yule wa kinanda kutoka Playen. Wewe utabaki kula."

"Nipe muda kidogo, mama."

Akabadilisha waya. Akafuta nyuzi kwa spiriti. Akasogeza kinasa karibu na nyuzi hadi pakabaki nafasi ya unene wa sarafu.

"Sasa linakosea vizuri zaidi," alisema Bu Lasmini.

"Labda umechagua mbwa," akasema Tukiran, mpiga upatu wetu.

Mzee Wiryo, mkono umefungwa shingoni, alikuwa amekuja kuona jinsi anavyokosekana. "Zima masanduku. Piga gitaa tupu."

Likakubaliana na vyombo vyetu vya shaba vya kugonga bila ugomvi. Bila shaka: Karsidi alikuwa amelikaza nyuzi kwa kuvifuata, kama tufanyavyo sote, na shaba zetu zina sauti zilizopewa na mhunzi wake, ambaye hakuwahi kuona piano.

"Gitaa lina adabu," mzee akasema. "Mkorofi ni mkalimani."

Karsidi akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kisanduku kilikuwa kikisukuma kila sauti hadi kwenye kitufe cha piano kilicho karibu. Akazima usahihishaji huo. Sasa sauti zikateleza kupita kiasi, kama mlevi anayeomba radhi: kisanduku kilihesabu mvuto kamili wa uzi kuwa hatua mbili za sauti, sintesaiza ikauhesabu kumi na mbili. Akavilinganisha.

Saa tano kasorobo Bu Lasmini aliimba ubeti, akaurudia.

"Sogeza kiti chako hapa kwangu," alisema. "Nisipokusikia nitapotea."

Mzee Wiryo alikohoa. "Daktari anasema wiki sita tu."

"Usiuharakishe mfupa, Mzee," Karsidi akamjibu kwa upole mkubwa, akisogeza kiti.