Maneno Ambayo Baba Hakuyasema

Bati likikatwa hutoa harufu kama ya damu mdomoni. Ndiyo harufu ya baba yangu, na ndicho kitu chake pekee ambacho bado hakijaguswa na mtu. Alikuwa fundi wa masanduku ya bati kule Soweto East, Kibera, na msimu wa kufungua shule wazazi walipanga foleni mlangoni mwake. Mimi, nikiwa na miaka tisa, kazi yangu ilikuwa kuingia ndani ya kila sanduku jipya. Baba alifunga kifuniko, nami gizani nikachomeka njiti ya ufagio kila palipopenya mwanga, yeye akapaziba kwa lami. Hakuwa mtu wa maneno. Hakunisifu hata siku moja, nami sikumdai sifa.

Asubuhi moja ya msimu huo nilimpelekea chai, nikasimama mbele yake. Bila kuinua kichwa akasema, "Ondoka hapo, unanizibia mwanga." Nikaondoka. Saa nne hivi alianguka juu ya bati lake. Hospitalini hakuzungumza tena, na siku ya tatu akafariki.

Kila jioni, kabla ya mwili kusafirishwa nyumbani magharibi, watu walijaa chumbani mwetu kuimba, kuomba, na kusimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda juu ya marehemu. Sijasikia tena uongo mwingi kiasi kile ukisindikizwa na chai. Jirani aliyekuwa akigonga ukuta kulaani nyundo ya baba alisema mlio wake ulimbembeleza usingizini. Baba mdogo Wafula alimfanya ndugu yake mcheshi, mtu ambaye mimi sijawahi kumwona akicheka. Kisha akanigeukia. "Haya Nekesa, si wewe ndiye ulikuwa naye mwisho? Hebu tuambie, babako alikwambia nini?"

Nilijua wanachotaka, na nilijua nilichokuwa nacho kingewafaa kama mfupa karamuni. Nikawatungia. "Aliniambia nisome kwa bidii, na nisimwache mama."

"Uwii! Kumbe alikuwa anaaga na hatukujua!" mama mmoja akapiga mayowe. Mwingine akanipa soda nzima peke yangu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: kesho yake niliongeza mkono wa baba begani mwangu, na keshokutwa machozi machoni pake. Mhubiri akayahubiri. Kufikia siku ya mazishi, Wafula alikuwa akiwaambia watu, "Mimi nilikuwa hapo mlangoni, bana. Nilisikia na haya masikio." Siku baba alipoanguka, Wafula alikuwa Kawangware akipaka rangi nyumba ya mtu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Uongo wangu umefika hadi Gatina, ninakoishi sasa na mama na wanangu, na bado unatembea. Nasikia watu wakiisifu akili ya binadamu, eti inahifadhi, eti inabuni. Mimi naidharau. Ni fundi mbovu asiyetofautisha kazi yake na ya kuokota, na akikuta tundu huliziba kwa chochote kilicho karibu. Wala yangu si bora kuliko ya Wafula. Nikifumba macho nauhisi ule mkono begani, na uzito wake. Yale maneno machache ya kweli ndiyo ninayolazimika kuyakamata kila siku kama kuku wa kununuliwa jana. Uongo huja wenyewe bila kuitwa.

Mwezi uliopita mama alikuwa akiwasimulia wajukuu maneno ya mwisho ya babu yao, nikashindwa kuvumilia. "Mama, hakusema hivyo. Mimi nilitunga. Alinifukuza nisimzibie mwanga, basi."

Mama akacheka. "Wewe Nekesa ulikuwa katoto. Unakumbuka nini wewe? Si mimi nilikuwa hapo kando nikikata sukuma?" Asubuhi ile alikuwa sokoni. "Usiwaharibie watoto guka yao."

Wanangu waliniangalia kama mtu aliyemtukana maiti. Utotoni nilidanganya chumba kizima nikapewa soda. Leo nina miaka arobaini, nasema kweli ndani ya nyumba yangu, na hakuna hata mtoto wa kuniamini.

"Shosho, endelea," mdogo akasema.

Akaendelea. Nami nikakaa pale kando, na nikajikuta nasubiri afike pale kwenye machozi.