Picha ya Mama Isiyo na Uso

Kwenye mazishi ya mama tulitembea nyuma ya picha ya kitambulisho. Baba aliipeleka studio ikakuzwa mpaka ikawa kama meza, na mama, aliyekuwa akicheka hata kanisani, akatokea kama mtu anayetafutwa na polisi. Nikamnong'oneza baba, "Tukipita stendi watamshika." Alicheka kwa pua, kisha akalia mpaka kofia ikaanguka. Picha nyingine zote za mama zilikuwa kwenye simu iliyotumbukia kwenye karai la mafuta moto, kule mtaani Manyatta alikokuwa akikaanga samaki.

Kwa hiyo ilipokaribia rapar, siku ya kumkumbuka marehemu, baba aliapa kwamba safari hii wageni watasalimia uso wa kweli. Kwetu picha huwekwa kitini mbele, na kila anayefika husimama hapo kwanza kabla ya kutafuta chakula. (Wengine huanza na chakula. Sitaji wajomba.) Akamtafuta mchoraji, kijana aliyesomea sanaa Maseno, mteja wa mama wa siku nyingi. Akampa ile ya kitambulisho. "Nichoree mke wangu. Lakini acheke."

Turubai ya mchoro ilipofika, ilikuwa moshi. Moshi wa kijivu, mabaka ya manjano, na katikati doa refu jekundu lililolalia upande mmoja. Jicho hakuna, pua hakuna. Baba aliipindua juu chini, akachungulia hadi nyuma yake.

"Yuko wapi?"

"Ndiye huyo, Mzee."

"Huyo ni takataka zinachomwa!"

Ndivyo tulivyofika kortini, baba na koti lake la harusi juu ya fulana ya boda, mimi na sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo niliyokuwa nayo safi. Baba alidai kwamba hii si picha ya mtu, na mchoraji aamriwe kuchora nyingine, yenye uso.

"Mheshimiwa," mchoraji akajitetea, "nimemchora nilivyomjua. Sijawahi kumwona nje ya ule moshi."

"Mimi nimemwona, Mheshimiwa," baba akasema. "Nilimwoa akiwa na uso."

Watu wakacheka. Hata mimi. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, hakucheka. Akaniita mbele.

"Kijana, usimwangalie baba yako. Angalia picha. Unamwona nani?"

Utani nilikuwa nao tayari: ningesema namwona mwalimu wetu wa hesabu. Nikaangalia. Lile doa jekundu lilikuwa limelalia kushoto. Mama akigeuza samaki, bega lake la kushoto lilishuka hivyo hivyo, chini ya leso nyekundu. Kila jioni nikitoka shule nilimkuta amenipa mgongo, maana mafuta hayaachwi. "Umekula?" bila kugeuka. "Leo umechapwa kwa nini?" bila kugeuka. Nami nilisimama nyuma yake nikiwaiga walimu mmoja mmoja, na nilijua amecheka bega likiruka. Mimi nimekua nikichekesha mgongo.

"Nimekuuliza, unamwona nani?"

"Mama," nikasema.

Nilimsikia baba akikaa chini. Hakimu akaamua kwamba kama mtoto amemtambua mama yake, basi hiyo ni picha ya mtu. Nje, mchoraji alinyoosha mkono. Baba akaushika kwa adabu, akiangalia gari lililokuwa likipita.

Nilipanda nyuma ya boda nimekumbatia turubai.

"Baba, samahani."

"Umesema kweli?"

"Ndiyo."

"Basi wewe una bahati. Huo mgongo ni wako." Akawasha pikipiki. "Mimi nilikuwa napaki upande ule mwingine wa karai."

Siku ya rapar wageni walisimama mbele ya kiti wakausalimia moshi. Shangazi mmoja aliuliza mama amewekwa wapi, akaonyeshwa, akasema, "Aa," kama mtu aliyeonjeshwa dawa.

Walipoondoka, baba alivuta kiti akaketi ana kwa ana na picha. Nilikuwa nyuma yake na sufuria za kuosha.

"Nyar Ugenya," akamwita jina la kwao, kama alivyozoea akitaka kipande cha mkia wa samaki. "Geuka basi. Kidogo tu."

Nikaiga sauti ya hakimu: "Mzee, usiangalie picha, angalia vyombo!"

Bega la baba likaruka. Nikazunguka mbele nione kama amecheka.

Hakuwa amecheka.