Kibanio Kilichofungwa Mchana

Siku ya tatu baada ya mama kupasuliwa moyo, nilikuwa nimeshajigeuza mtaalamu wa ganzi. Kila mgeni aliyetoka kwetu Kanyosha kumwona nilimwonyesha ule mpira mwembamba ulioingia chini ya bandeji ya kifuani, ukitoka kwenye kichupa cha dawa kilichoning'inia ubavuni. Madaktari waliuacha pale ili ganzi ichuruzike polepole ndani ya kidonda. Ndiyo maana halii wala haguni, niliwaambia, nikijisifu kama vile niliutengeneza mimi.

Jambo moja lilinitia hofu: mama hakutaka kukohoa. Daktari alisema wazi kwamba asipokohoa, makohozi yatalala kwenye mapafu na yanaweza kumuua, hata kama moyo umeshatengenezwa. Asubuhi hiyo homa ilianza kupanda. Mama alivuta pumzi fupi fupi, macho kwenye dari. Uji niliompikia aliuacha ukapoa, akidai mdomo ni mchungu.

Adhuhuri nilipomfuta jasho niliona kichupa kimejaa vilevile kama alfajiri. Nikamwita muuguzi. Aliufuata mpira kwa vidole mpaka chini ya khanga, akakuta kibanio kidogo cha kuuziba kimefungwa. Nilimlipukia. Nilimwambia hiyo ndiyo kazi yao, uzembe mtupu, na mengine ambayo leo naona haya kuyaandika.

"Wacha kumupigia kelele," mama akasema. "Ni mi nimefunga."

Nilidhani homa imempanda kichwani. Lakini alieleza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno mawili. Kabla ya kulazwa usingizi aliweka nadhiri: Mungu akimwamsha, atafunga saumu siku tatu. Aliamka, akaanza. Aliona dawa inayoingia mwilini mchana itamharibia saumu, basi alifunga kibanio alfajiri na kukifungua magharibi. Siku mbili nzima, na mimi nimekaa pale pale nikimsimulia kila mtu kwamba haumwi.

Niliketi kitandani kwake. "Mama, walikukata mufupa na musumeno."

"Nilimuahidia Mungu kufunga. Sikumuahidia ati haitaniuma."

Nilikasirika. Nilimpigia shehe wa msikiti wetu, nikamwekea mama simu sikioni. Shehe alimwambia mgonjwa hangoji ruhusa ya mtu kufungua saumu, atafunga akipona, nadhiri yake iko palepale. Mama alimwomba arudie. Kisha akakifungua kibanio mwenyewe, kwa kidole gumba.

Tulingoja. Dawa ilipoanza kushika, muuguzi, ambaye nilikuwa bado sijamwomba radhi, alimpa mto aukumbatie kifuani akohoe. Mama alikohoa mara moja, mara ya pili, makohozi yakatoka. Akanishika mkono.

"Inaniuma," akasema.

Nina miaka arobaini na moja. Nimemwona akizika mume na watoto wawili, na neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Niliushika ule mto pamoja naye, tukangoja kikohozi kingine.